Kamba ya Uwanda Mweupe

Tarehe 2 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba humfokei sana fundi cherehani anayekusomea barua hii. Fundi, pole na kazi. Mimi mzima, nakula, nalala.

Nina habari. Nimeacha teksi. Nimepata kazi ya kuendesha gari la kuvuta magurudumu yote manne, jipya, hata plastiki za viti hazijabanduliwa. Nitambeba mpimaji wa ardhi, mtu mpole mwenye darubini ya miguu mitatu, tuvuke uwanda mweupe wa chumvi mara kadhaa kabla watu hawajaamua barabara ipite wapi.

Tajiri ameniambia nichague vifaa mwenyewe, ila nisizidishe uzito, gari lisije likazama mchangani. Dukani wamenimwagia kila kitu mezani: winchi ya kujivutia, taa za kufunga juu, friji ndogo, hema la kukunjua, pampu ya upepo, vibao vya kukwamulia, simu ya setilaiti. Kwa kila kimoja muuzaji anaapa kwamba nisipokuwa nacho nitakufa. Kichwa kinaniuma.

Najua hupendi hata kuusikia uwanda ule. Lakini wewe ulikaa pembeni ya Babu kwenye lori lake, na tangu mama atutoke sina mwingine wa kumuuliza. Niambie, nibebe nini?

Mke mwenzio mdogo,
Mjukuu wako


Tarehe 9 Juni

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti halijapoa, na fundi nimeshamfokea, maana alianza kuandika "mpendwa mjukuu" mimi bado nakohoa. Nimemwambia aandike ninachosema, mapambo akayatie kwenye magauni ya watu.

Usiende.

Haya, nimesema. Najua utakwenda. Kichwa hicho umekirithi kwangu, nitamlaumu nani? Basi sikiliza.

Friji ya nini, unakwenda kuhifadhi maiti? Irudishe. Taa za juu rudisha pia. Giza likiingia gari linalala, na wewe lala. Winchi ni nzuri penye mti wa kuifungia. Kule kuna mti? Haya.

Chukua maji. Ukidhani yametosha, ongeza. Usiyatie yote kwenye dumu moja, maana dumu hilo likipasuka na wewe umepasuka. Jeki bila ubao wa kuiweka chini ni pambo, itazama yenyewe kabla haijanyanyua kitu. Sepeto iwe ya mpini mfupi; ya mpini mrefu haiingii uvunguni mwa gari. Upepo wa magurudumu upunguze kabla hujakwama. Wenye kiburi hupunguza baada. Kwa hiyo pampu ndiyo, tena na kipimo chake. Gurudumu la akiba lisiwe moja. Mkanda wa feni usisahau. Vibao vya kukwamulia sisi hatukuwa navyo, tulitandika mabati, lakini vibebe. Simu ya mawinguni nayo ibebe, japo sijui utampigia nani kule. Vizito vikae chini. Gari lenye kichwa kizito hupinduka kama mlevi.

Sasa kuna kitu ambacho muuzaji hakukuwekea mezani. Kamba ndefu. Hii siyo ya kuvutia gari, ni ya kukuvuta wewe. Jua likiwa la utosi, ukishuka garini, hata kama ni kwenda haja, ncha moja ifunge kwenye bampa na nyingine kiunoni.

Cheka. Ukimaliza kucheka nikwambie jambo ambalo hata mama yako nilimwambia nusu. Babu yako hakupotea kwa kiu. Lori lilikutwa zima, mlango wa dereva wazi, madumu yamejaa. Mtu mwenye maji haendi kutafuta maji. Nyayo zake zilikwenda moja kwa moja, hazikuyumba, kama za mtu aliyeitwa. Zikafika penye chumvi ngumu, zikaishia hapo.

Safari moja kabla ya ile nilikuwa pembeni yake. Adhuhuri, mazigazi yanacheza, akasimamisha gari. Kuna mtu anatembea kule, akasema, nimpelekee maji. Mimi niliona jua tu. Nikamshika shati mpaka likachanika. Safari aliyopotea nilikuwa na mimba ya mama yako, changa, hata sijamwambia. Kichefuchefu kikanibakiza nyumbani. Hapakuwa na wa kumshika shati.

Kamba hiyo ndiyo mkono wangu. Ibebe.

Bibi yako


Tarehe 3 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Huku kambini posta ni lori la maji, na lori la maji huja likijisikia. Afya njema, ila midomo imepasuka kwa chumvi. Wewe je? Goti?

Tumevuka na kurudi. Friji niliirudisha, muuzaji akanitazama kama nimemtukania wazazi. Tulikwama mara mbili, ubao wako ukatutoa. Mpimaji anakusalimu, anasema ungekuwa kijana angekuoa. Nimemwambia ana bahati haujui mdomo wako.

Kamba niliibeba. Niliificha chini kabisa kwenye buti la gari, nisichekwe.

Sasa usinifokee. Siku ya kurudi, adhuhuri, mpimaji alisimamisha darubini yake, akaniita nichungulie nione ardhi inavyochemka. Nikachungulia. Palikuwa na mtu.

Alikuwa ametupa kisogo, anatembea kwa utulivu kama anayetoka kazini. Suruali yake mguu wa kushoto imekunjwa mpaka gotini, wa kulia umeachwa. Nikamwambia mpimaji. Akachungulia, akakaa sana kwenye kioo, halafu akasema, "Dereva, kanywe maji." Nikachungulia tena. Yupo. Anatembea, lakini hazidi kuwa mdogo.

Nikaenda kuitoa kamba. Sikuifunga, niliishika tu mkononi. Miguu yangu ilikuwa inataka kwenda, Bibi, na mimi sikuogopa hata kidogo. Niliogopa baadaye, nilipokumbuka kwamba sikuogopa.

Tunavuka tena mwisho wa mwezi.

Mke mwenzio mdogo,
Mjukuu wako


Tarehe 11 Julai

Mke mwenzangu,

Salamu baadaye. Mguu wa kushoto, una hakika?

Klachi ya lori la babu yako ilikuwa imekatika ncha, inamng'ata suruali. Nilishona, ikang'ata, nikashona, ikang'ata. Nikamwambia mimi siolewi na klachi, kunja huo mguu. Akawa anaukunja. Hilo sijamsimulia mtu, wala mama yako, kwa sababu nani angeuliza? Fundi ameacha kuandika, amenikodolea macho. Andika, wewe!

Nisikilize. Usimfuate. Funga kamba. Lakini piga honi, mbili fupi na moja ndefu. Ndivyo alivyokuwa akipiga akifika kona ya nyumbani, ili niinjike maji ya kuoga. Akigeuka, ni yeye.

Akigeuka mwambie niko hai. Mwambie kile kichefuchefu kilikuwa binti, na binti akakuzaa wewe. Aliondoka hajui. Mimi watu walianza kuniita mjane nikiwa sina hata unywele mmoja mweupe, na sijamwitikia yeyote mpaka leo.

Mwambie tu. Sitaki kingine.

Bibi yako


Tarehe 13 Julai

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mke mwenzangu. Utani umekwisha. Barua ya juzi ichome.

Usipige honi. Siku ile nilipomshika shati babu yako alikuwa analia. Alikuwa anasema, "Niachie, yule ni kaka yangu." Na kaka yake tulikuwa tumemzika mvua zilizotangulia, mimi ndiye niliyewapikia waliokuja kuzika. Kinachotembea kule huvaa mtu unayemtaka. Kikiweza kuvaa sura, kitashindwa kukunja suruali?

Hamu yangu ndiyo iliyokutuma, akili ilikuwa imelala. Usipige, mwanangu. Jibu upesi.

Bibi yako


Tarehe 4 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya pili niliikuta kambini tuliporudi. Nilikuwa nimeshapiga.

Mbili fupi, moja ndefu. Akasimama. Akageuka. Bibi, ni kijana! Ni mdogo kuliko mimi. Sijui kwa nini nilitegemea mzee. Nilifunga kamba kama ulivyoniambia, nikamwendea mpaka ikanikaza kiunoni, naye akaja akasimama mbele kidogo, pale ambapo mkono wangu haufiki. Chini ya viatu vyangu chumvi ilikuwa inalia kwa kila hatua. Chini yake haikulia.

Nikamwambia yote. Kwamba uko hai, kwamba mimba ilikuwa ya binti, kwamba mimi ndiye mimi. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande. Kisha akasema, "Binti namjua. Nimekuja naye. Amechoka kutembea, amekaa hapo nyuma. Njoo umsalimie."

Nikashika fundo. Vidole vilikuwa vinafungua vyenyewe.

Mpimaji ndiye aliyenivuta. Alinivuta kama mbuzi aliyetumbukia shimoni, nikaanguka kifudifudi, chumvi tele mdomoni. Nilipoinua kichwa palikuwa na jua tu. Anasema nilikuwa nimesimama peke yangu naongea, halafu nikacheka kicheko cha mtoto. Nilimtukana, Bibi, matusi ya stendi, na yeye alikuwa ananipa maji.

Mama, Bibi. Amekaa chini, amechoka. Mimi sikumuaga. Nilikuwa safarini, nikafika mmeshamaliza kila kitu, nikaonyeshwa udongo. Wewe ulimwona. Mimi niliuona udongo.

Tunavuka tena tarehe ishirini. Mpimaji anaumwa kifua, tajiri amekubali niende peke yangu kupeleka vigingi. Kamba nitaibeba. Kuifunga sikuahidi. Usinichukie.

Mjukuu wako


Tarehe 12 Agosti

Mjukuu wangu,

Marahaba. Habari za huko, habari za kifua cha mpimaji? Mpe pole, na umwombe radhi kwa yale matusi. Naanza na salamu ili ujue nimetulia. Fundi ndiye hajatulia, anapenga kamasi kwenye kitambaa cha mteja.

Mama yako nilimwosha mimi. Nywele zake nilizichana mimi. Nilikaa pale kaburini mpaka waliokuja na majembe wakaniuliza kama nataka nami nifukiwe. Hayupo kwenye chumvi. Yupo mtaa wa pili kutoka hapa, nyuma ya shule, na jana nimemng'olea majani, na watoto wa shule walikuwa wanapiga kelele zao kama kawaida. Na kuchoka je? Siku ya kukuzaa wewe alikwenda hospitali kwa miguu, uchungu umeshamshika, mimi niko nyuma natweta, yeye ananiuliza nani mjamzito hapa.

Hukumuaga, ni kweli. Siwezi kukufuta hilo. Lakini nikwambie alivyosema, maana niliogopa kukuumiza na sasa naona kunyamaza ndiko kulikokuumiza. Nilitaka upigiwe simu. Akakataa. Alisema, "Msimwambie mpaka afike, ataendesha huku analia." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho yenye akili, baada ya hapo ilikuwa homa. Sasa tumia hicho kichwa. Mtu anayekata roho huku anakulinda usilie kwenye usukani, ndiye atakayekuita ushuke garini adhuhuri, ufungue kamba?

Na yule mwingine. Aligeuka kwa honi yangu au aligeuka kwa njaa yake, sitajua. Nilitaka sana kujua. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimeona kwamba bei yake ni wewe. Basi sitaki tena. Juzi mwenye duka alisema, "Karibu, mama mjane," kama anavyosema siku zote ili kunichokoza. Nikaitika. Akaangusha mizani.

Nimezungumza na dereva wa lori la maji linalokuja kambini kwenu. Alikataa, akasema bibi mzee utanifia njiani. Nikamwambia nikikufia niteremshe, utapata nafasi ya madumu mawili. Amekubali, nadhani kwa kuogopa. Barua hii inaondoka leo na lori la mwenzake, mimi naondoka kesho. Ukiisoma, niko njiani natikiswa mifupa. Usiwashe gari kabla sijafika. Kiti cha pembeni kiwe kitupu. Vigingi vikapande keria, mimi sipandi keria.

Tutavuka wote. Ukimwona, usinionyeshe. Ukimsikia, usinisimulie. Hata nikikuomba usimame, hata nikikupiga, hata nikimwita kwa jina lake la chumbani, usisimame. Mimi nitakushika shati, na wewe kanyaga mafuta.

Kulia nitalia mimi.

Bibi yako