Fundo la Kikwembe

Jumatatu, 8 Februari 1999
Mvua tangu alfajiri. Sambaza, dagaa zangu za kuuza, hazikauki. Nimezitandaza jikoni juu ya gunia, nyumba nzima inanuka ziwa. Nimevipaka rangi viatu vya bwana yangu, Papa Furaha, kama kila Jumatatu, nimevirudisha chini ya kitanda, vikitazama mlango. Aliviacha kwa sababu ya matope. Alikwenda Kamanyola na kandambili kumtafuta mdogo wake, vita vya kwanza vilipoingia. Alisema anarudi kesho yake. Tangu hapo hakuna mtu aliyemwona, si mzima, si maiti.

Asubuhi hii tena nimesikia kikohozi chake. Alikuwa na desturi ya kukohoa kidogo kabla ya kusukuma mlango, ili tusishtuke. Nimeacha kazi, nimefungua. Mvua tu. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 10 Februari
Nimetoka kwenye chumba cha maombi cha Maman Espérance. Hapa mtaani kwetu Kadutu kila mtu anamwita nabii. Mwaka jana alimwambia Maman Riziki kwamba mwanawe atatoka mzima kwenye machimbo ya Shabunda, na mtoto akatoka kweli. Nilimwona kwa macho yangu, amekonda kama ufito lakini anatembea.

Leo ilikuwa zamu yangu. Aliniwekea mikono kichwani, akatetemeka, akasema bwana yangu ni mzima. Mzima! Nilianguka chini nikalia. Halafu akasema: amefungwa. Si askari waliomfunga. Mtu wa ndani ya nyumba yangu. "Ninaona fundo. Fundo mu kitambaa. Ile siku litafunguka, mwanaume anaingia."

Nimerudi nikitazama kila kitambaa cha nyumba.

Alhamisi, 11 Februari
Nimeliona.

Mama mkwe ana fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, kile kitenge anachojifunga. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga tu, lakini vidole haviachi lile fundo kutwa nzima. Na midomo inatembea. Anataja jina la mwanawe, lile la utoto, kwa Mashi, lugha ya kwao. Nimempa uji bila kumtazama. Miaka yote hii tumelala ukuta mmoja.

Jumapili, 14 Februari
Baada ya misa binti yangu Furaha alikaa karibu na nyanyake kusoma. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Somo la filozofia analifundisha Mwalimu Faustin, mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, aliyekimbia Shabunda na begi moja. Furaha anasoma kwa Kifaransa, halafu anamweleza nyanyake kwa Swahili. Leo ilikuwa habari ya muzee mmoja wa Wagiriki, zamani sana, kabla ya Yesu. Jina lake linanishinda kuandika.

"Alikuwa anatembea mu soko bila viatu, Koko. Anauliza bakubwa: unasema unajua haki, haya, haki ni nini? Banajibu, anauliza tena, mwisho banaona hawajue. Bakakasirika. Bakasema anaharibu vijana, na hana heshima kwa miungu ya muji. Bakamupatia sumu, akakunywa."

Mama mkwe akafikiri. "Alikuwa na bibi?"

"Alikuwa naye."

"Na batoto?"

"Batatu, Koko."

"Basi ule bibi alikula nini? Mwanaume anakunywa sumu juu ya maulizo!"

Tulicheka wote, hata mimi. Kisha nikaona vidole vyake juu ya fundo, kicheko kikanikauka. Nikamgombeza Furaha bure. Nikasema Kwaresima inakaribia, aache watu waliouawa na mdomo wao. Mtoto akajibu taratibu kwamba Mwalimu anasema hekima ya yule muzee ilikuwa moja tu: hakusema anajua kitu alichokuwa hajui.

Sijui kwa nini neno hilo limekataa kunitoka.

Jumatano ya Majivu, 17 Februari
Asubuhi majivu kwenye paji la uso. Mchana maombi. Nabii amemtaja. Mama mkwe ndiye aliyefunga mwanawe. Arudishwe kwao Kalehe kabla ya maombi ya Jumatano ijayo. Nisipomtoa mimi, vijana watakuja kumtoa.

Najua vijana wanavyotoa. Yule muzee mwanamke wa kule chini kwenye mteremko, mwaka jana, walimtoa kwa mawe. Mvua ilinyesha siku nyingi na bado nilikuwa naona damu.

Kalehe hana mtu. Nyumba ya kaka yake ilichomwa. Barabarani kila kona ina bunduki, na hakuna anayejua leo ni ya nani. Kumpeleka kule ni kumwua, nasema wazi.

Lakini bwana yangu atarudi.

Nimeandika hiyo sentensi kwa mkono wangu. Naiacha hapo. Inaniogopesha kuliko kikohozi.

Ijumaa, 19 Februari
Nilikwenda kumgongea Mwalimu. Nilimwomba tufuatane Jumatano, yeye amwulize nabii kama yule Mgiriki wake alivyokuwa akiuliza. "Nyie ndio munajuaka kuuliza, Mwalimu. Mimi nilifika sita ya primeri tu."

Alitazama mikono yake iliyojaa chaki. "Maman, mimi niko mupangaji. Tena mukimbizi. Nikifungua mudomo batasema mulozi ni mimi." Halafu, chinichini: "Maulizo mengine ninaikimbiaka. Hata batoto wakiniuliza hawa wenye kutawala muji wanatukomboa na nini, ninapangusa tablo."

Nilitoka na hasira. Mbele ya jiko hasira ikaisha. Anaogopa. Mimi je? Nimeogopa tangu Kamanyola.

Jumapili, 21 Februari
Nimemfungia mama mkwe vitu vyake kwenye mfuko. Vikwembe viwili, sweta, kikombe chake cha bati. Nilimwambia ni safari ya Kalehe. Alikubali upesi, kama mtoto.

"Tunaenda kuzika nani?"

Nilijifanya natafuta kitu chini ya kitanda. Nikasikia anasema: "Viatu vya mutoto viache palepale. Akirudi atavitafuta."

Nimelia huko chini ya kitanda, kichwa kati ya viatu.

Jumatatu, 22 Februari
Rozari peke yangu. Tendo la kwanza la furaha, malaika anampasha Maria habari. Nimelisali tangu utoto. Leo nimesimama katikati ya Salamu Maria. Maria alimwuliza malaika! Hakusema tu ndiyo. Aliuliza kwanza itawezekanaje, yeye hajamjua mwanaume. Na malaika hakukasirika. Alimjibu vizuri, kama mtu anayeheshimu mtu.

Kwa hiyo kuuliza si kukosa imani. Moyo uliruka.

Halafu nikamkumbuka Zakaria. Naye aliuliza, malaika yuleyule, akafungwa mdomo akawa bubu. Nani ataniambia swali langu ni la Maria au la Zakaria?

Usingizi hauji. Sikupaka viatu rangi.

Jumatano, 24 Februari
Naandika kabla ya kuvua nguo zilizolowa.

Nilikwenda peke yangu. Chumba kimejaa. Nje vijana wamekaa ukutani na fimbo, wanataniana kama wanangoja mpira. Mmoja akaniita: "Maman, mutufungulie mulango, tusivunje kufuli!" Wakacheka.

Nabii akauliza: "Iko wapi ule muzee?"

"Iko nyumbani. Anakunywa uji."

Nikapiga magoti, maana sikutaka kumkosea heshima. Nikasema niko na maulizo. Nikasikia Maman Riziki nyuma yangu anavuta pumzi.

"Maman Espérance, muliona fundo mu kitambaa. Muliona na mwenye kuvaa kile kitambaa?"

"Roho alinionyesha fundo."

"Sura hakuonyesha?"

"Fundo inatosha. Nani mwengine mu nyumba yako iko na fundo?"

"Mimi," nikasema. Nikainua pembe ya kikwembe changu. Ndani mlikuwa na medali ya Bikira Maria na ufunguo. "Furaha naye iko nayo. Basi ninauliza bamaman bote: hapa ndani, ni nani hana fundo mu kikwembe?"

Wakatazamana. Mikono ikaenda kwenye mapindo. Sisi wote ndivyo tunavyobeba vitu, tangu mama zetu. Maman Riziki akalishika lake, akapiga kicheko kilichomponyoka: "Yesu! Na yangu iko kubwa, kumbe nimefunga mutaa muzima!" Wengine wakacheka, wengine wakamnyamazisha. Halafu macho yote, bila mtu kusema, yakaenda kwenye kiuno cha nabii. Fundo lilikuwa linaning'inia pale. Akalifunika na kiganja.

Ningeweza kunyamaza hapo. Sikunyamaza. Nilisema Mungu alipasua bahari Waisraeli wapite. Leo anashindwa na muzee asiyeweza kuvuka mfereji bila kushikwa mkono? Anamngoja huyo ndipo anirudishie bwana?

Alinitazama, na nitasema ukweli, sikuona ubaya usoni mwake. Niliona mtu aliyechoka. Kisha akasema polepole, wote wasikie: "Mulango ulikuwa wazi. Wewe mwenyewe umefungia bwana yako inje."

Wanawake walitoka mmoja mmoja. Maman Riziki aliwaambia vijana waende kwao. Walikwenda wakiburuta fimbo.

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua nikilia kwa sauti kama mwehu. Mama mkwe yuko nyumbani. Mfuko wake nimeufungua. Lakini kama nabii alisema kweli, leo nimemwua bwana yangu kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 25 Februari
Nimeamka sina sauti. Nimejaribu kumwita Furaha, pumzi tu ikatoka.

Zakaria.

Nimekaa kitandani. Mwalimu alikuja na tangawizi ya moto. Akasema jana nilitembea kwenye mvua nikilia, ni koo tu, itapita. Nilimtazama. Akainamisha kichwa. "Ao hapana, Maman. Sijue." Nilimpenda kwa neno hilo kuliko kwa tangawizi.

Mlangoni akageuka. Amesema leo darasani hakupangusa tablo.

Jumamosi, 27 Februari
Bado bubu. Sokoni nimekaa mbele ya sambaza zangu, watu wanapita mbali kama nina ugonjwa. Siwezi hata kuita wateja. Aliyenunua ni Maman Riziki peke yake, bila kunitazama. Alipokwenda nikaona ameniachia ndimu mbili za koo.

Hakuna aliyekuja kumchukua mama mkwe. Bado anashika fundo lake. Sitamwuliza kuna nini ndani. Ni lake.

Kikohozi sijakisikia tangu Jumatano. Nyumba imekuwa kimya mno. Nilikuwa nakiogopa, sasa nasimama karibu na mlango nikikingojea.

Jumatatu, 1 Machi
Sauti imerudi, nzito, kama bawaba yenye kutu. Neno la kwanza nimemwambia mama mkwe.

Kabla ya hapo, kulipokuwa kunaanza kupambazuka, nilisikia kikohozi. Kimoja, kifupi. Nikakaa kitandani bila kupumua. Upande wa pili wa ukuta mama mkwe akasema: "Mama Furaha. Umesikia?"

Nilikwenda kwake. Alikuwa amekaa, uso kwenye mlango.

"Nanyi munasikiaka, Maman?"

"Kila siku. Sikusema. Niliogopa mutasema niko naita wafu."

Tukashikana mikono. Yake ni baridi siku zote.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Sijue, Maman."

"Na miye sijue."

Nikafungua. Ukungu toka ziwani, mpaka kwenye kizingiti. Sikufunga. Nilileta viatu na kopo la rangi, tukakaa pale mlangoni. Aliomba kimoja. Akakisugua kwa kikwembe chake, polepole, mpaka kwenye kisigino.

Jua limetoka kidogo. Nimetandaza sambaza nje.