Spika Zisizoficha Kitu

Jumatatu, 5 Machi 1973

Shamsia mke wangu, salaam aleikum. Hujambo huko Mombasa kwa kaka yako? Kifua kimepoa? Watoto wanakula? Mimi mzima, alhamdulillahi. Barua siku hizi zinafunguliwa njiani, basi nakuandikia humu daftarini, na daftari nalificha. Ni kama kusema peke yangu.

Leo kaja kapteni dukani kwetu Katwe, hapa Kampala. Jina silitaji hata humu. Askari wake wakashusha mashine ya tepu na spika mbili zinazonifika kifuani, mali ya daktari Mhindi aliyefukuzwa mwaka jana.

"Fundi, hii ngoma ya bendi yangu, kwa redio ya zamani ilikuwa tamu. Kwa hii spika inalia kama bati. Nani ameharibu?"

Fabiano mwenzangu — unaujua mdomo wake — akasema labda kosa ni la ngoma yenyewe, afande. Kitako cha bunduki! Meno mawili chini. Niliyaokota mimi. Kapteni kasema Alhamisi saa nane ngoma iwe tamu, la sivyo sisi wenyewe tutayafuata hayo meno.

Jumanne, 6 Machi

Spika hazina kosa. Nimeweka santuri yetu ya kasida. Nilimsikia msomaji akivuta pumzi, na karatasi ikigeuzwa! Machozi yalinitoka. Halafu nikaweka tepu ya kapteni. Mvumo, mikwaruzo, tarumbeta kama paka aliyekanyagwa.

Tumebishana mchana kutwa. Mimi nasema spika nzuri haisemi uongo, aliyerekodi ndiye mkosaji. Fabiano, shavu limevimba kama fenesi:

"Muzee, hizi ni za watu wenye muziki safi. Ngoma ya kambi inataka spika kiziwi. Kata hiyo koni ndogo ya sauti nyembamba, shindilia pamba, tulale salama."

Nikamwambia kuharibu kitu kizima ni dhambi. Akacheka, damu ikamtoka. "Haya, ssebo, bwana mkubwa. Kaburini watakuandikia: hapa kalala fundi asiyeharibu spika."

Jumatano, 7 Machi

Kati ya wimbo wa pili na wa tatu bendi inanyamaza. Chini ya ule ukimya kuna mtu.

Nikaongeza sauti. Tepu ilikuwa na maneno mengine kwanza. Wakarekodi ngoma juu yake, na kichwa cha kufutia cha mashine yao kichafu, basi hayakufutika yote. Redio ya kapteni isingeyatoa kamwe. Spika hizi zimeyatoa.

Wanampiga mtu, na wanamlazimisha ahesabu fimbo mwenyewe. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Mimi Wanjala, karani tu, afande, nina watoto. Ishirini."

Wanjala! Mume wa Akullo, huyu anayeuza mihogo mlangoni petu. Miezi miwili anamtafuta.

Alifika ishirini na saba. Fimbo ikaendelea bila hesabu. Kisha mtu akasema, huyu amekwisha, toa. Kisha tarumbeta.

Fabiano katapika kwenye boksi la misumari. Kapteni akiyasikia hapa, atajua na sisi tumeyasikia. Nimekata waya za koni ndogo mwenyewe, nikashindilia pamba. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 8 Machi

Kapteni kacheza! Peke yake katikati ya duka, bastola ikimgonga paja. "Sasa hii ndiyo spika!" Wimbo wa pili ukaisha. Mvumo tu. Wa tatu ukaanza. Nikamshukuru Mungu, halafu nikaona haya.

Mara Akullo kaingia na picha ya mumewe. Humwonyesha kila askari. Kapteni akapunguza sauti kwa adabu, akaitazama.

"Dada, huyu tuko naye. Anakula vizuri. Jumamosi kuja kambini, leta na watoto, utamuona."

Akullo akampigia magoti. Vigelegele hadi barabarani! Nami nimesimama na bisibisi mkononi.

Ijumaa, 9 Machi

Nimeswali, hotuba sikuisikia. Spika na tepu vinachukuliwa kesho asubuhi.

Nimemwambia Akullo asiende, askari si wa kuaminiwa. "Mzee Uthman, unamwonea wivu mume wangu kurudi?" Akanicheka. Shati la Wanjala ameshalipiga pasi. Fabiano anasema tukimwambia kweli atapiga mayowe Katwe nzima isikie, na jioni hii tutakuwa maiti sote, na watoto wake pia. Tukinyamaza, kesho anawapeleka watoto kambini mwenyewe, kwa miguu yao.

Kwa maneno haniamini. Labda akimsikia Wanjala mwenyewe kwenye tepu.

Nimetoa pamba ya spika moja. Waya ninazo mkononi, sijaziunga. Yeye yuko hapo nje, anamsuka binti yake nywele za safari, anaimba.

Shamsia, kama ningekuwa mimi ninayehesabu fimbo, wewe ungetaka kunisikia? Nijibu upesi, mke wangu. Amebakiza msuko mmoja.