Norbert, Mlango Tumeuacha Ulivyo

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipomwambia mkeo Ardis kwamba unakwenda bandani kukaza boliti moja tu, utarudi supu ikiwa bado ya moto. Ulipochelewa hakushtuka. Tangu umuoe hajaona boliti yako iliyokazwa haraka. Alipokufuata alikukuta umekaa juu ya Shangazi Hedwig, ile trekta yako nyekundu ya kukatia majani, milango ya banda iko wazi, kofia imekushukia machoni, nawe umeshatutoka. Hedwig alikuwa bado ananguruma. Yeye ambaye siku zote alizimika ukimgeuzia mgongo, siku hiyo alikungoja.

Trekta zako tatu ndogo uliziita kwa majina ya shangazi zako. Hedwig alikohoa moshi, Irma hakuwaka kwenye baridi mpaka abembelezwe, na Lotti alikunywa kuliko wenzake. Shangazi wenyewe walikuja kujua, na Lotti hakukusamehe mpaka anaingia kaburini.

Banda ulilijenga kwa mikono yako nyuma ya nyumba. Mbao zilitoka kiwanda cha jibini kilichobomolewa, na mabati yalitoka kwenye zizi kuukuu la jirani yetu Verlyn Otto. Siku za joto lilinuka jibini, na panya wa mji mzima walilifahamu. Humo ulitengeneza mashine za watu. Kuna mjane wa barabara ya pili aliyekuletea yake kila theluji ilipoyeyuka, nzima kabisa, haina hata kelele. Uliifungua, ukaipaka grisi, ukaifunga, huku akikusimulia habari za dada yake. Kisha ulimwambia amekuja wakati mwafaka, ingechelewa kidogo ingeharibika. Mwaka huu alikuja tena na mashine yake. Ardis alimkaribisha kahawa.

Lakini kilicholipa banda lako sifa ni mlango. Trekta ilipita, ila lile sinia la visu linalokaa tumboni mwake halikupita. Kwa hiyo kila Jumamosi ulilala chali nje, ukachomoa pini, ukaliburuta sinia, ukaingiza trekta, kisha ukaliingiza sinia kwa ubavu. Wiki iliyofuata, kinyume chake. Kila Ijumaa kwenye mlo wa samaki wa kukaanga pale mjini, Verlyn alimsimulia yeyote aliyekaa mezani kwamba ulimpima Hedwig akiwa amevua nguo. Wewe ulitafuna, ukameza, ukajibu lile lile: "Sinia lazima lisafishwe. Mlango unanikumbusha tu." Watu walicheka, Ardis naye akiwamo.

Baada ya kukuzika, binti yako Connie alisema shangazi wote wauzwe na banda libomolewe kabla ya theluji. Mama yake ana miaka sabini na nane, hawezi kugaagaa chini ya trekta. Ardis hakubisha. Alimenya viazi, akamenya tena, mwisho akauliza: mlango ukipanuliwa, akaweza kumwingiza na kumtoa Hedwig peke yake, banda litabaki? Connie akakubali.

Kulia hapakupanuka, kwa sababu nguzo ya pembeni ndiyo inayobeba paa. Kushoto kulikuwa na yale maua ya peoni ambayo shina lao mama yake Ardis alimpa siku ya harusi yenu. Unajua tabia ya peoni. Ukiling'oa linanuna, na linaweza kukaa miaka bila kutoa ua. Ardis alisema ling'olewe, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Mwezi wa tisa mwanao Duane akaja na sululu, Verlyn akaja na maneno. Duane hakutaka kuanza na maua. Akaenda ng'ambo yake, akaanza kuchimba shimo la nguzo mpya. Sululu ikagonga zege. Wakafagia udongo, wakakuta msingi mzuri wa mraba, na boliti imesimama katikati, imeota kutu, haijawahi kufungwa nati. Verlyn akavuta futi kutoka nguzo ya kulia mpaka kwenye ile boliti. Akapima tena. Akaomba sinia liletwe, likalazwa pale, na pande zote mbili ikabaki nafasi ya kupitisha mkono.

Ardis alielewa kabla yao. Mwaka ule ulipojenga, mama yake alizikwa mwezi wa pili. Ulimwaga zege ardhi ikiwa bado tupu, peoni limelala chini, na inaelekea hukukumbuka lilipolala. Kisha machipukizi yake mekundu yakatokeza ndani ya upana wa mlango wako. Ukalifukia zege, ukaisogeza nguzo upande huu wa maua, na mkeo ukamwambia ujenzi umechelewa kwa sababu ya mvua. Wiki ile alianika nguo nje kila siku.

Verlyn alikalia ndoo. "Miaka yote hii ameniacha nimcheke," alisema. "Si angeniambia tu."

"Angekwambia wewe," Ardis akamjibu, "mimi ningejua kabla samaki hajapoa."

Kisha akamwambia Duane afukie. Duane akauliza Connie ataambiwa nini. Ardis akasema Connie aachiwe yeye.

Verlyn alimletea jeki fupi ili asihitaji kulala chali, akamfundisha msimu wote wa baridi, na Ardis anasema hajawahi kuona mwalimu anayeongea hivyo. Mwezi wa nne Connie alisimama uani, mikono imefungwa kifuani. Mama yake alipiga magoti juu ya mto kuukuu wa sofa, akachomoa pini, akaliburuta sinia, akampanda Hedwig na kumwingiza bila kugusa fremu. Alipotoka, grisi ilikuwa mpaka kwenye miwani.

"Mama," Connie alisema, "kila wiki utafanya hivi? Kwa ajili ya mlango?"

"Sinia lazima lisafishwe," Ardis akamwambia.

Connie alicheka mpaka akalia, na habari ya kubomoa banda haijatajwa tena.

Wiki hii peoni limechanua. Asubuhi Ardis alikata mafungu mawili, pamoja na sisimizi wasiokosa kwenye maua hayo, akayafunga nyuma ya Hedwig na kuja makaburini kwa mwendo wa Hedwig. Magari yalijipanga nyuma yake mpaka kwenye daraja, na hakuna aliyepiga honi. Fungu moja ni la mama yake. La pili ni lako. Verlyn alikuwa ameshatangulia kumsubiri hapa, kofia mkononi. Ijumaa mezani mgeni akiuliza habari za ule mlango, siku hizi yeye husema tu kwamba ulipimwa sawasawa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Ardis, wanao Connie na Duane, wajukuu wote, na jirani yako Verlyn Otto, aliyeomba aandikwe pamoja na familia. Daima tutakukumbuka, Norbert Zirbel, na sinia tutalisafisha.