Ukucha wa Baba

Jumanne, Kinoo

Bado nimemkasirikia Mutua, msimamizi wetu. Tingatinga liligonga bomba la maji, naye anasema, "Imebonyea kidogo tu, Mwende. Tupake rangi tufukie."

Nikapitisha ukucha pale lilipobonyea, kama Baba, fundi bomba wa zamani, alivyonifunza utotoni, Jumamosi zile kabla ya kwenda kula nyama choma Kenyatta Market. Bomba lililobonyea tu huvumilia presha. Likibonyea na kukwaruzika hapo hapo, siku moja litapasuka.

Ukucha ulikwama kwenye mkwaruzo. Nikakataa kutia sahihi ya ukaguzi mpaka kipande hicho kikatwe.

Jioni nilimpelekea Baba kile kipande. Siku hizi hanitambui, huniita madam. Alikipapasa polepole, ukucha wake ukakwama palepale.

"Hii lazima ikatwe," akasema. "Lakini kwanza mwonyesheni Mwende wangu."