Nimechagua Maktaba, na Nimeuliza Mshahara

Jumamosi, baridi ya Julai. Mvua hainyeshi wala haiachi kunyesha. Nimerudi nyumbani Woodley nikinuka moshi wa nyama choma, nguo zimelowa, na nina hasira. Hasira nzuri. Acha niandike kabla haijapoa.

Nataka kusomea ukutubi. Ndiyo, ile kozi ya kufanya kazi maktaba. Nimeshaisema mara nyingi hadi siku hizi nangoja tu kuona uso wa mtu ukibadilika. Kuna wanaocheka. Kuna wanaonionea huruma. Halafu kuna wale wanaonikera kabisa, wanaoniambia ni vizuri kufuata moyo wangu, pesa si kila kitu.

Nani aliwaambia sitaki pesa?

Mama amesuka nywele za watu Kenyatta Market tangu nikiwa mgongoni mwake. Napenda vitabu, lakini sikuapa kuwa maskini. Kwa hivyo nilipobaki na vyuo viwili, niliamua kuchagua kile ambacho wahitimu wake wanalipwa vizuri. Kimoja ni kikongwe, kina jina, kila mtu ana shangazi aliyesoma huko. Kingine ni kipya, kiko mbali nje ya mji, na Mama hukosea jina lake kila akilitaja.

Sasa, Nairobi humuulizi mtu mshahara. Unamuuliza anaishi wapi, akishajibu unapiga hesabu mwenyewe. Ndivyo nilivyofanya. Nimezunguka katikati ya jiji, maktaba hadi ofisi, nikiwatafuta waliosoma kozi hii na kuwauliza kwa upole wanakaa mtaa gani. Dada mmoja wa chuo kikongwe akasema Kileleshwa, kwa wenye nazo. Nikafurahi. Kijana mmoja wa kile chuo kipya, anayetunza nyaraka katika ofisi ya mawakili, akasema Kawangware, kwenye vyumba vya mabati. Nikamshukuru na kumtoa akilini.

Halafu yule dada akanialika chai kwake. Lifti hatukupanda. Tulizunguka nyuma ya jengo, tukapita chini ya kamba za nguo, tukaingia kwenye kile chumba cha mfanyakazi wa nyumbani, ambapo binamu yake, ambaye ndiye mwenye nyumba, amemruhusu akae mpaka mambo yanyooke. Chai ilikuwa tamu na dada mwenyewe ni mkarimu sana. Mimi ndiye niliyejiona mjinga.

Nikarudi kwa yule kijana wa Kawangware, nikamuuliza bila kuzunguka. Unalipwa ngapi?

Alikohoa. Akatazama mlango. Kisha akaniambia, nami nikamwomba arudie. Anakaa Kawangware kwa sababu anajenga kwao Kakamega na hataki pesa zake ziishie kwenye kodi.

Tangu hapo nikawa nauliza kila mtu hivyo. Mama mmoja aliniambia sikulelewa. Lakini waliojibu walitosha. Wale wa chuo kipya hupelekwa kufanya mafunzo ya kazini kwenye benki, hospitali na ofisi za mawakili, mahali ambapo faili ikipotea kuna mtu atashtakiwa. Wengi walibakizwa hukohuko, na wanawapita mshahara wenzao wa chuo chenye jina.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulieleza hilo mezani.

Mjomba wangu, kaka yake Mama, afisa wa ununuzi, ndiye hulipa karo za watoto wa ukoo, kwa hivyo ndiye huita mkutano na kuagiza nyama. Kwetu anayeagiza nyama huzungumza kwanza, na aliye mdogo kuliko wote huwanawisha watu mikono. Mdogo ni mimi. Nilikuwa nimesimama mbele yake na jagi na beseni, taulo begani, alipoanza.

"Nekesa, hii maneno ya library achana nayo. Utalipwa nini, kuambia watu wanyamaze? Fanya procurement kama mimi. Fees yote nitalipa."

Nikamweleza kuhusu nyaraka, benki, mawakili. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa.

"Nani alikwambia hizo pesa?"

"Wenyewe, Uncle. Niliwauliza."

"Uliuliza watu wazima mshahara yao?"

Mngedhani nimesema niliwaibia. Mke wake aliacha kijiko ndani ya kachumbari. Mama aliinamia meza. Maktaba ikasahaulika kabisa, sasa kesi ilikuwa adabu yangu. Na hapo ndipo nilipochoka. Watu wanaopanga maisha yangu kwa mshahara hawataki mshahara utajwe?

"Na wewe Uncle, procurement inakulipa ngapi?"

Mikono yake ilikuwa juu ya beseni, imejaa sabuni, na jagi nilikuwa nalo mimi. Hangeweza kwenda popote. Alikaa hivyo akinitazama, povu likidondoka.

"Mwaga maji," akasema hatimaye.

Nikamwaga. Akajifuta kidole kimoja kimoja, kisha akasema hiyo library nitajilipia mwenyewe.

Naogopa, sitadanganya. Bila karo yake kuna mkopo wa serikali, kuna kusuka na Mama wikendi, na huenda vyote viwili visitoshe. Lakini kuomba msamaha, hapana. Sikumtusi mtu. Niliuliza swali ambalo yeye mwenyewe alilileta mezani.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Mama. Njiani nilikuwa nikisubiri kukaripiwa.

"Huyo kijana wa Kawangware," akasema, "alisema ngapi?"

Nikamwambia. Alisimama. Akacheka mpaka akashikilia lango la wenyewe. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaniambia anachopata yeye mwezi ukiwa mzuri, na anachopata mwezi ukiwa mbaya. Nimelala nyumba moja na huyu mwanamke maisha yangu yote na sikuwahi kujua. Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nililia hapo barabarani, naye akajifanya anafunga skafu.

"Chukua hiyo chuo inalipa," akaniambia. "Hiyo ya uncle yako tutajipanga."

Mtandao wa kuchagua kozi unafungwa kesho. Nimeshabonyeza. Chaguo la kwanza: ukutubi, chuo kipya, kile cha mbali ambacho Mama hajui kukitaja.

Siku moja msichana fulani ataingia ofisini kwangu, aniulize kwa upole ninakaa mtaa gani. Nitafunga mlango, nimvutie kiti, nimwambie ninacholipwa.