Sharti la Zaituni

Mke wangu Rukia,

Tangu ututoke sijakuandikia, lakini jana Zaituni alikuja na ile karatasi yake, nami nikakuona tena ukimenya mihogo pale Sindo.

Unakumbuka? Idrisa, mchuuzi wa samaki aliyesilimu ukubwani, alitaka kumwoa Zaituni. Karani wa ndoa akawarudisha: walete kwanza cheti cha mafunzo ya ndoa, ndiyo sera ya serikali. Nikavaa koti nikaenda. Nikamweleza pole pole, kama darasani: sheria inataka ndoa ya Kiislamu iandikishwe ikishafungwa; cheti cha mafunzo haikitaji popote. Sera isiyo na kifungu cha sheria ni ushauri tu, haiwezi kuzuia ndoa.

"Mwalimu, umeshinda," akasema.

Nilirudi nikijisifu. Ukaniuliza, "Na mtoto wa watu umemfundisha nini?"

"Sheria hailazimishi, Rukia."

"Hata chumvi hailazimishwi. Leo utakula chukuchuku."

Ukamwita Zaituni alasiri tatu. Hukumhubiria, ulikaa kwenye kigoda chako ukimenya mihogo, ukamwacha aongee. Siku ya tatu akauliza kwa sauti ndogo, "Idrisa akitangulia, ndugu zake wa Magunga si watanirithi?" Wao hawakusilimu, na kwao tero, mjane kuchukuliwa na shemeji, ilikuwa njia ya kumtunza.

Ukaniita, "Mzee wa vifungu, sasa njoo!" Nikaeleza kwamba dini yetu hairuhusu mjane kurithiwa kama mali, na kwamba mke anaweza kuweka sharti la kutorithiwa katika mkataba wa ndoa. Idrisa akacheka: "Mbona mnanizika kabla ya pilau?" Lakini akatia sahihi, akamleta na kaka yake mkubwa aweke dole gumba.

Mwaka huu tumemzika Idrisa. Eda ilipokwisha, ndugu zake wakafika kwa Zaituni, wakitaka mmoja wao aingie nyumba ile. Zaituni akaniita, nikawasomea karatasi ya mkataba. Kaka mkubwa akaitazama sana alama ya dole lake.

"Shemeji, kaa na watoto wako," akasema. "Nilikubali Idrisa akiniangalia."

Makarani bado huniuliza kama sheria ya mafunzo ipo. Haipo, nawaambia. Kisha nawasimulia habari zako, hata wasipouliza.

Jana Zaituni hakuja kulia. Kuna mwari anayeolewa, na Zaituni anataka kukaa naye alasiri kama ulivyokaa naye wewe. Aliomba kigoda chako. Nimempa, pamoja na kisu cha mihogo.

Lala salama, Rukia.

Mumeo, mzee wako wa vifungu