Mtu wa Vioo Hana Mke

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwako Mama Zuhura, mke wangu,

Kabla ya salamu, funga mlango kwanza. Barua hii anakuletea Mwanaisha, yule dada wa Pangani aliyekuwa akifanya kazi za ndani huku, na nimemwambia akukabidhi mkononi mwako. Asimpe mama, asimpe Zuhura, na kwa vyovyote vile asimpe binamu yako Bakari. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikikuuliza jambo la maana unacheka, halafu unampa mtoto simu. Karatasi hii utaisoma mwenyewe mpaka mwisho.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mama anaendeleaje na miguu yake? Yule fundi amerudi kuziba paa la jikoni, au bado anakuambia kesho? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa joto. Ukitoka nje asubuhi miwani inaingia ukungu kana kwamba umefunua sufuria ya wali. Kazini bado ni mlinzi wa mapokezi kwenye lile jengo la The Pearl, nawafungulia watu mlango na kuandika majina ya wageni. Ndani kiyoyozi kinaniuma mifupa, nje jua linanichoma, na katikati nacheka na kila mtu kwa sababu ndiyo kazi yenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo lililonikalisha chini. Nakushuku, mke wangu. Nakushuku wewe, namshuku Bakari, na naishuku ile chaneli ya mashujaa, lakini ngoja nianze na chaneli, maana hiyo ndiyo iliyoanza kunichezea.

Unakumbuka wiki ile ya kuondoka, miaka sita iliyopita. Tulikuwa sebuleni tunaangalia kile kipindi cha Mtu wa Vioo, wewe una uzi mdomoni unashona gauni la harusi ya watu. Umeme ukakatika yeye akiwa nusu ndani ya kioo, nusu nje. Ukaniuliza, "Utarudi lini?" Nikacheka, nikakujibu, "Akiisha huyu, na mimi nimerudi." Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Haya, nimesikia." Mimi nilidhani ni utani umepita. Tangu siku hiyo hujakosa hata sehemu moja, na mimi mjinga nikawa nadhani unapenda mashujaa.

Basi na chaneli nayo ikawa kama imetusikia. Kila mkataba wangu ulipokaribia kwisha, wao wakatangaza msimu mwingine. Nikakupigia simu, nikasema, "Unaona, bado hajaisha," nikasaini miaka miwili. Mara ya pili vilevile. Zuhura alikuwa na miaka mitatu nilipoondoka. Leo ananitumia picha za madaftari, ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Mwaka huu lakini nikaanza kuona dalili. Walianza na Dada Radi, shujaa mwingine wa chaneli hiyohiyo. Walimkata katikati ya ngumi! Mkono uko hewani, majina ya waigizaji yakapanda, na mpaka leo hatujui kama ngumi ile ilifika. Hakuna aliyetuomba radhi. Wakaja kwa Mapacha wa Sumaku, nao wakarudi na pacha mmoja, eti mwenzake amekwenda kusoma. Sumaku gani hiyo ya upande mmoja? Akabaki Mtu wa Vioo peke yake, na huyo nilimkalia macho kama ninavyomkalia mgeni asiye na kitambulisho.

Zamani alikuwa akipita kwenye vioo vya maduka, vya magari, hata kwenye mgongo wa kijiko. Msimu huu wote kioo ni kimoja, kile cha bafuni chenye ufa kwenye kona. Wamebana matumizi. Halafu barakoa haivui tena, hata akila. Nikamwambia Wafula kwamba yule mwigizaji ameshaondoka na ndani ya barakoa wamemtia mtu mwingine. Wafula ni yule Mkenya wa Bungoma ninayelala naye chumba kimoja, mlinzi kama mimi. Kila Ijumaa yeye anarudi kutoka kanisani, maana huku hata Wakristo husali Ijumaa, na mimi narudi kutoka msikitini, tunaweka chai, tunawasha runinga iliyo juu ya friji, tunaanza kubishana.

"Buda, wewe unaonanga matanga kila mahali," ananiambia. "Hii kitu haiendi popote. Wakiitoa wataonyesha nini, mapishi?"

"Wameipunguza kutoka sehemu ishirini mpaka kumi."

"Ndio ikuwe tamu. Wewe ukipewa nyama kidogo si unaitafuna polepole?"

Sikumwamini. Yule mkubwa wa chaneli alihojiwa, akatabasamu, akasema mashujaa wao wote ni familia moja. Hapo ndipo nilipozidi kushuku. Mwaka juzi mudiri wetu, ndivyo tunavyomwita msimamizi, alitukusanya akatuambia walinzi wote ni familia moja, na wiki iliyofuata wenzetu wa lindo la Al Thumama walikuwa wanafunga mabegi. Mkubwa akianza kukuita ndugu bila kukujua jina, mimi naanza kuangalia viatu vyangu viko wapi.

Ikafika sehemu ya mwisho ya msimu. Niliiangalia kwa makini, kwa Kiingereza chenyewe, maandishi ya Kiarabu yakipita chini. Anasimama mbele ya kile kioo chenye ufa, anavua glavu, anasema maneno mawili tu: "Zimeni taa." Kiza. Basi. Hakusema anarudi, hakusema harudi. Tukabishana na Wafula mpaka chai ikapoa, yeye anasema msimu wa saba unakuja, mimi nasema tumeshazikwa.

Jumapili yake ndipo uliponitumia ile video ya sehemu hiyohiyo, Bakari akiitafsiri kwa Kiswahili.

Sasa nisikilize vizuri. Najua kazi ya watafsiri wetu wa sinema. Najua Bakari hatafsiri tu, anaongeza chumvi, anamtania mwigizaji, anawasalimia wateja wa kibanda chake humohumo katikati ya vita. Ndiyo maana watu wanampenda. Lakini ile video uliyonitumia, mtu anasema maneno mawili na Bakari anazungumza dakika nzima! Nimeyaandika yote hapa pembeni ili usinikatalie. Anasema: "Jamani watazamaji wa Makorora na vitongoji vyake, Mtu wa Vioo anawaaga. Amechoka. Mji wa watu ameulinda vya kutosha, sasa anarudi kwa mke wake. Imeisha hii, haina nyingine, msije kunisumbua. Na kama kuna mtu aliahidi jambo lake, muda ndio huu." Na chini yake wewe ukaniandikia neno moja tu, "Umesikia?"

Nimesikia, Mama Zuhura. Nimesikia na vingine ambavyo hukutaka nivisikie.

Kwanza, Mtu wa Vioo hana mke. Misimu sita hatujamwona hata na mchumba. Huyo mke Bakari amemtoa wapi? Pili, kibanda cha Bakari kiko ubavuni mwa wachomelea mageti, na katika kila mkanda wake ule mlio wa kukata chuma unasikika nyuma. Kwenye huu hausikiki. Kinachosikika ni cherehani. Kinagonga, kinagonga, kinavuta, halafu kinagonga tena. Cherehani chenye kanyagio lililolegea upande wa kushoto, ambalo nililifunga kwa mpira wa baiskeli kabla sijaondoka, na naona hujaliondoa. Tatu, pale Bakari anaposema "muda ndio huu," kuna mtoto anacheka na mtu anamwambia "shh." Hiyo "shh" ninaijua. Nimeambiwa mimi mara nyingi.

Mlirekodi chumbani kwetu. Ulimkalisha Bakari karibu na cherehani chako, ukamwambia la kusema, ukaendelea kushona ili isionekane una neno. Mimi ni mlinzi, mke wangu. Nalipwa kushuku watu. Ulidhani utanipitisha mlango huo?

Nilikasirika, nakuambia kweli. Nilisema nitakupigia nikuumbue. Nikaicheza tena video ili nikusanye ushahidi, nikaicheza tena, nikaweka simu sikioni kule stoo ya mabegi ya wapangaji. Kama mara ya kumi nikagundua simsikilizi Bakari tena. Nasikiliza cherehani. Nilikaa juu ya begi la mtu nikalia, mtu mzima na sare zangu. Sikukuambia. Nakuambia sasa.

Nikampelekea Wafula kesi yote, nikitegemea atacheka na mimi. Akaisikiliza video, akanirudishia simu, akasema, "Buda, tangu mwaka uanze unanipigia makelele hii kitu inaisha. Barakoa, kioo, familia, sijui nini. Wewe hujui kama itaisha. Wewe unataka iishe, ndio usikuwe wewe ndio umesema unaenda nyumbani." Nikamwambia anyamaze. Akanimiminia chai.

Wakati huo fomu ya mkataba ilikuwa chini ya mto wangu. Mudiri alitupa wote, tuirudishe Alhamisi. Mistari miwili tu: naongeza, siongezi, na mahali pa kusaini. Nilikuwa sijaigusa. Nilijiambia nasubiri chaneli itangaze. Wakimkata Mtu wa Vioo, nimetimiza ahadi, narudi, na hakuna wa kuniuliza kwa nini nimeacha kazi, wala kaka zangu, wala wale wanaosema Uarabuni hapaachwi hivihivi. Kosa litakuwa la chaneli.

Ijumaa iliyopita wakatangaza. Tumekaa mimi na Wafula, likaja tangazo, muziki ule, kile kioo chenye ufa, na maandishi makubwa: msimu wa saba. Wafula akaruka juu ya kitanda, "Si nilikuambia! Nilikuambia!" Nilitakiwa nifurahi hata kidogo. Ni kipindi ninachokipenda, na sababu ya kubaki nimeletewa tena mkononi bila kuiomba. Mama Zuhura, nilihisi kama mtu aliyefika mlangoni kwake akakuta kufuli jipya.

Hapo ndipo nilipoanza kumshuku mtu wa mwisho, ambaye ni mimi. Chaneli ile nimeitukana mwaka mzima, kwamba inawavuta watu, inawaambia msimu mmoja tu, kisha mwingine, haisemi mwisho ni lini. Na wewe hapo Makorora ni nani aliyekufanyia hivyo miaka sita? Nimekuambia "mmoja tu" mara ngapi? Ningekuwa wewe, ningeshamwita Bakari zamani.

Jana Alhamisi nilimpelekea mudiri fomu. Akaitazama, akanitazama mimi, akashuku na yeye.

"Umepata kazi kampuni nyingine?"

"Hapana."

"Nani amekufa nyumbani?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kwa nini? Wewe huongeza kila mara."

Nikamwambia mke wangu ameniita. Akacheka akidhani natania, akapiga mhuri. Mkataba unakwisha baada ya wiki tano, na tiketi ni ya wiki hiyohiyo. Wafula amesema atabaki na runinga na atanisimulia msimu wa saba kwa simu, nami nimemwambia asijisumbue.

Usidhani sina wasiwasi. Sijui nitafanya kazi gani hapo Tanga. Sijui Zuhura atanizoea au ataniamkia kama mgeni na kukimbilia kwako. Nakuomba usimwambie siku bado, maana viwanja vya ndege siviamini hata kidogo, nisije nikamfanya akae dirishani bure.

Nisalimie mama, mwambie magongo aliyoyataka nimeshayafunga kwenye begi. Nisalimie mdogo wako anayeuza dagaa sokoni, na jirani yetu anayekusaidia kubeba maji. Zuhura mwambie madaftari nimeyaona na ile hesabu ya tatu airudie.

Bakari naye msalimie. Najua amesikia habari za msimu wa saba, na najua hofu yake ni kwamba nitamwumbua mbele ya wateja, aanze kuurekodi upya ule mkanda aliowaambia watu umeisha. Mwambie auache kama ulivyo. Alitafsiri sawasawa.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura